Ule unga wa kahawia kwenye hedi ni wimbo unaondoka

Naomba nianze na hili maana ndilo narudia karibu kila mtu akiniletea kanda. Ukiweka kanda ya zamani kwenye mashine, ikacheza vizuri dakika mbili tatu, halafu sauti ikaanza kupoteza makali, kayamba zikapotea, ncha za gitaa zikapotea, ukabaki unasikia besi tu, zima mashine. Usisubiri wimbo uishe. Fungua uangalie hedi, kile kichwa kidogo kinachosoma kanda, utakuta kuna utando wa kahawia umeganda pale, na saa nyingine unga mweusi umejikusanya kwenye zile nguzo ndogo ambazo kanda inapita. Wengi wakiona hivyo wanasema aah vumbi tu hilo, kanda imekaa sana kabatini, wanachukua pamba na spiriti wanafuta wanabonyeza plei tena, inacheza kidogo inaziba tena, wanafuta tena, na ndugu yangu kile kinachobaki kwenye ile pamba sio vumbi la kabatini, ni wimbo. Umeufuta na haurudi.

Kwa nini nasema hivyo? Kanda ya sauti ina tabaka. Chini kuna plastiki, ambayo kwa kanda nyingi za tangu miaka ya 1960 ni polista, na kazi yake ni kustahimili kuvutwa tu. Juu yake kumepakwa ile rangi ya kahawia, na hiyo rangi ni chembe ndogo mno za oksidi ya chuma, ukoo mmoja na kutu, zimeshikwa pamoja kwa gundi. Sauti yote iko kwenye zile chembe, jinsi usumaku wake ulivyopangwa ndio muziki wenyewe, plastiki haina kitu. Sasa gundi ikichoka chembe zinaachia, na zikiachia zinaondoka na kila kilichokuwa ndani yake. Na kumbuka tunaongelea kitu chembamba sana, kanda ya studio unene wake wote ni kama maikroni 50, kaseti ya dakika 90 ni maikroni 12 hivi, hapo umeshajumlisha plastiki na rangi yake. Hakuna tabaka la akiba chini kwamba la juu likitoka utakuta jingine.

Mimi kazi yangu ni hii ya kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda kwenda kwenye kompyuta, niko Dar, na wanaokuja ni watu wa kila namna, wanamuziki wastaafu, familia, watu wa misikiti wenye maboksi ya mawaidha, watoto ambao mzazi wao amefariki wakakuta kabatini kanda ambazo hakuna aliyejua kama zipo. Na wote wanakuja na swali moja, "inasikika?" Nakuwa mgumu hapo kwa sababu wanataka niweke niwaonjeshe kidogo, sekunde chache tu, na kanda kama imeoza gundi hizo sekunde chache zinatosha kuikwangua. Kwa hiyo kwanza naisoma. Naisoma kwa macho, kwa pua, kwa kidole, nasoma na boksi lake. Kucheza ni mwisho kabisa.

Ugonjwa mkubwa kuliko yote kwenye rili, zile kanda za gurudumu wazi zisizo na kasha kama kaseti, ni ule wa gundi kunyonya maji. Ulianza na kanda za tangu katikati ya miaka ya 1970 mpaka miaka ya 1980 yote na mwanzoni mwa 1990. Viwanda vilikuwa vimebadilisha gundi vikaanza kutumia poliyurethani ya aina fulani, ilikuwa nzuri sana kipindi kile, kanda ilikuwa inatoa sauti safi kuliko za zamani, studio nyingi kubwa za Marekani zikahamia huko. Ampex 456 ndiyo ilikuwa kanda ya studio kwa miaka mingi, ilitengenezwa Opelika, Alabama, na ndiyo leo inaongoza kwa kuugua. Pamoja nayo kuna Ampex 406, 407, 499, kuna Scotch 226 na 250 za 3M, kuna Agfa PEM 468 na 469 baadhi ya matoleo. Ile gundi polepole inanyonya unyevu wa hewani, maji yanaingia kwenye minyororo yake mirefu yanaikata vipande vipande, wakemia wanaita hidrolisisi, na vile vipande vifupi ndivyo vinakuwa na ute unaonata. Kanda inanata yenyewe kwa yenyewe kwenye rili, inavuta kama halua iliyoachwa wazi, ukiizungusha unasikia inabanduka, ukiilazimisha inapiga kelele kali kama mluzi na kuacha rangi yake kwenye hedi.

Nyingi ya kanda hizi utazijua kwa mgongo wake, upande wa nyuma wamepaka tabaka jeusi la kaboni ili ijikunje vizuri kwenye rili na isijae umeme wa msuguano. Mbele kahawia nyuma nyeusi, hapo tega sikio. Lakini sio kila yenye mgongo mweusi ni mgonjwa, BASF nyingi za miaka hiyohiyo ziko salama mpaka leo, nimezicheza zimetoka bila hata alama kwenye hedi. Ndio maana nasema boksi lisomwe. Watu wanatupa maboksi kwa sababu yamechakaa yana mende, wananiletea rili bila boksi kwenye mfuko wa rambo, halafu mimi naanza kubahatisha wakati jina la kanda lilikuwa limeandikwa pale kwa herufi kubwa.

Sasa weka ugonjwa wa kunyonya unyevu pwani yetu. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, asubuhi nyingi unyevu wa hewa uko juu ya asilimia 80, masika ikija hata chumvi mezani haimwagiki. Wataalamu wanapendekeza kanda zikae kwenye unyevu wa asilimia 30 mpaka 40 na joto la digrii 18 hivi mpaka 20. Nani ana chumba hicho nyumbani? Kanda ambayo imekaa Dodoma na nyingine toleo lilelile imekaa Chumbageni pale Tanga miaka yote hii, ni kanda mbili tofauti kabisa. Nimewahi kuletewa za kutoka bara zimekauka vizuri kabisa nikashangaa.

Alikuja mzee mmoja, alikuwa anapiga fidla kwenye kikundi cha taarab Tanga enzi hizo, ana rili ya inchi saba kwenye boksi la Ampex, alipewa kanda tupu na ndugu yake baharia, wakarekodia harusi na mazoezi yao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe hizi unazifufua."

"Tunajaribu mzee. Umeshaicheza karibuni?"

"Kuna kijana fundi alinambia niianike juani kwanza, itakauka. Nikamwambia hapana, hiyo si dagaa."

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Jua la Dar kwenye bati linafikisha joto usiloweza kulipima, upande mmoja unaungua upande mwingine wa baridi, mionzi nayo inapiga plastiki, kanda inajikunja kingo. Lakini yule kijana hakuwa ametoka mbali sana na ukweli, maana dawa ya huu ugonjwa kweli ni joto, ila joto la kipimo. Ampex wenyewe ndio waliopata hataza ya njia hii Marekani mwaka 1993: unaoka kanda kwenye joto la kama digrii 50 mpaka 54, basi, humo humo, kwa masaa mengi. Kwa kanda nyembamba ya robo inchi kama ya yule mzee ni masaa nane hivi, unaigeuza katikati, zile pana za studio za inchi moja na inchi mbili zinataka muda mrefu zaidi. Joto linafukuza unyevu, gundi inajikaza tena, na kanda inacheza.

Watu wanaogopa, wanauliza joto si litafuta sauti? Haliwezi. Usumaku wa oksidi ya chuma unapotea kwenye joto la zaidi ya digrii 500, ukifika huko plastiki yenyewe imeshakuwa moshi. Kinachoweza kuongezeka kidogo ni ule mwangwi wa tabaka kwa tabaka, ambapo kanda ikikaa imejikunja, sauti ya mzunguko mmoja inajichapa hafifu kwenye mzunguko wa jirani yake, unasikia mwimbaji kwa mbaaali kabla hajaanza kuimba. Joto linauchochea. Dawa yake ni kuizungusha kanda mbele na nyuma taratibu kabla ya kuicheza, unapungua.

Vifaa sasa. Usitumie oveni ya jikoni ya gesi, hiyo ukiiweka chini kabisa bado inaruka mpaka 100 na zaidi. Maikrowevu usiiguse kabisa, rili za chuma ndani ya maikrowevu ni moto. Wengi duniani wanatumia mashine za kukaushia matunda, zile za duara zenye feni, au oveni za maabara. Mimi nina ya kukaushia matunda nimetoa trei za katikati rili ikae sawa, na nina kipimajoto cha pembeni kwa sababu namba zilizoandikwa kwenye kitufe huwa siziamini, ukipima unakuta digrii kadhaa tofauti. Umeme ukikatika katikati sio msiba, joto linashuka taratibu, ukirudi unaendelea. Hatari ni joto kupanda bila wewe kujua. Na ukimaliza acha ipoe humohumo polepole mpaka ifike joto la chumba, usiitoe ya moto ukaiweka kwenye mashine.

Halafu jambo ambalo naomba mtu asilisahau: hujaiponya. Umeipa wiki chache, pengine mwezi au zaidi kidogo, halafu unyevu unarudi na gundi inalegea tena. Unaweza kuoka tena, watu wanaoka mara ya pili na ya tatu, lakini kila safari ni mzigo kwa kanda. Kwa hiyo ile mara ya kwanza unayoicheza baada ya kuoka ndiyo ya kurekodi. Kompyuta iwe tayari, hedi safi, viwango vimepimwa kwa kanda nyingine. Hakuna kuonja hapa pia.

Ya mzee ilitoka vizuri. Nilimpa hedifoni akasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, akaanza kunitajia watu, huyu wa akodiani alikuwa kinyozi, huyu anayeitikia alikuja kuolewa Pangani, hapa mimi nimechelewa kuingia unasikia? Nikaandika kila kitu alichosema, na hayo majina leo yamo kwenye faili pamoja na sauti. Ukifanya kazi hii bila kumkalisha mwenye kanda umsikilize, umeokoa nusu.

Lakini sasa hapa ndipo watu wanaposoma kidogo mtandaoni wakaharibu. Sio kila kanda inaokwa! Kanda za kabla ya hapo, za miaka ya 1950 na za 1960 nyingine, plastiki yake sio polista ni asetati, Scotch 111 kwa mfano ni asetati. Hiyo ukiioka inapoteza maji yake ya ndani, inasinyaa, inakuwa kavu inakatika kama ukilazimisha. Utaijuaje? Shika rili uiangalie kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. Asetati inapitisha mwanga, utaona kahawia inang'aa kwa ndani, polista inakuwa giza tupu. Pili nusa. Asetati inayooza inatoa harufu ya siki, kali kabisa, ukifungua kopo inakupiga puani. Hiyo itenge na nyingine zote kwa sababu ile tindikali inayotoka inaharakisha kuoza kwa zilizo jirani, iweke mahali pa ubaridi na pakavu, na ihamishwe mapema iwezekanavyo kwa mashine isiyovuta kwa nguvu. Na kitu kizuri kuhusu asetati ni kwamba ikikatika inakatika safi, unaunganisha na hupotezi sauti, wakati polista inavutika kwanza kama mpira, na ile sehemu iliyovutika haitakaa sawa tena.

Kuna pia kanda zinazopiga kelele bila kuacha unga wowote, hedi iko safi kabisa ila sauti inalia kwiiiii. Scotch 175 na Sony PR-150 zinasifika kwa hilo. Hizo tatizo lake ni jingine, kuzioka hakusaidii, wapo wanaozicheza zikiwa za baridi, mashine na kanda vyote kwenye chumba cha ubaridi au hata ndani ya friji, na inakubali. Na kuna zinazotoa unga mweupe mkavu juu ya kanda, huo mara nyingi ni vilainishi vimepanda juu vikaganda, unapangusa kwa kitambaa kikavu kisicho na manyoya huku kanda inapita taratibu, unaondoka, kwisha. Mweupe mkavu futa, kahawia ya kunata simama. Lakini mweupe wenye nyuzinyuzi kama pamba kwenye kingo za rili, hasa na harufu ya stoo, huo ni fangasi. Vaa barakoa ile ya maana, glavu, fanyia nje au dirishani, usiwashe feni, usiweke kwenye mashine yako ukaambukiza kanda za wenzako. Ikaushwe kwanza mpaka fangasi walale wawe unga, ndio upanguse.

Nimeongea rili sana, lakini nyumba nyingi kwetu zina kaseti. Kwenye kaseti habari ni tofauti, kaseti mara chache sana zinapata ule ugonjwa wa gundi, kwa hiyo ukikuta uchafu mweusi wa kunata usikimbilie kuoka, mara nyingi umetoka kwenye mashine. Mikanda ya mpira ndani ya deki za miaka ya 1980 inayeyuka inakuwa lami nyeusi, ukiigusa haitoki mkononi siku nzima. Roli ya mpira inayobana kanda nayo ikizeeka inatoa utando mweusi inaupaka kwenye kanda. Mtu anaweka kaseti ya marehemu mama yake kwenye redio kaseti iliyokaa stoo tangu mwaka 1998, roli imeshakuwa ulimbo, inaimeza kanda yote. Kwa hiyo mashine kwanza. Jaribu kwa kaseti isiyo na thamani, icheze upande mzima, ndio ulete ile ya maana.

Na ndani ya kaseti kuna kile kipande cha manyoya kilichobandikwa kwenye bati jembamba, kinachosukuma kanda iguse hedi. Gundi yake inakauka kinadondoka, au inavuja inaacha alama ya kunata kwenye kanda. Kikidondoka kanda haigusi hedi sawasawa, sauti inakuja inaondoka, watu wanadhani kanda imekufa wanatupa. Haijafa! Hamishia kanda kwenye kasha jingine lenye skrubu, kazi ya robo saa kwa mtu mwenye mkono mtulivu.

Niseme na hesabu moja ambayo inaonyesha kwa nini usafi wa hedi ni kila kitu. Kaseti inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Sauti ya juu ya hezi 10,000 ikirekodiwa kwa mwendo huo, wimbi lake moja kwenye kanda lina urefu wa maikroni 4.76 tu. Uchafu wa unene wa maikroni moja kati ya hedi na kanda, kitu ambacho jicho halikioni, unapunguza sauti hiyo kwa desibeli 11 hivi. Kwenye rili inayotembea sentimita 19 kwa sekunde, uchafu huohuo unapunguza kama desibeli 3. Ndio maana kaseti inakuwa na sauti ya kufunikwa wakati wewe unaona hedi inang'aa. Safisha kabla ya kila kaseti, sio kila mwezi.

Kusafishia nini? Isopropili, aina ya spiriti, ya asilimia 99, na huna haja ya kuagiza nje, nenda kwa mafundi simu Kariakoo wote wanayo, wanaoshea bodi. Spiriti ya duka la dawa soma lebo kwanza, nyingi zina maji na nyingine zina mafuta ndani yake, mafuta kwenye hedi ni balaa. Marashi, pafyumu, petroli, mafuta ya taa, vyote nimevisikia na vyote hapana. Tumia vijiti vya pamba, badilisha mpaka kitoke cheupe. Kwenye roli ya mpira usiloweshe, pitisha haraka kisha pangusa. Na isopropili iwe ya mashine, usianze kuosha kanda yenyewe, hasa ile ya kunata, utabandua rangi yote. Asetoni, ile ya kutolea kutex, iwe mbali kabisa na meza.

Kutex yenyewe ni habari nyingine. Kaseti zetu nyingi zilipokatika ziliungwa kwa kutex au kwa selotepu, na rili za vipindi zina viungo vingi vya gundi. Selotepu ikizeeka gundi yake inatoka pembeni inaingia kwenye tabaka za juu na chini, ndio unasikia kanda inakwenda inabana tak, tak, kila mzunguko. Hapo uchafu upo sehemu mojamoja tu, sio kanda nzima. Naondoa kile kiungo, nasafisha gundi kwa pamba yenye unyevu kidogo wa isopropili upande wa nyuma, naunga upya kwa utepe maalumu wa kuungia kanda. Ni kazi ya kukaa, inaweza kuchukua jioni nzima kwa rili moja, na huwa siharakishi.

Wengi wanaoniletea kaseti hawaleti nyimbo, wanaleta barua. Kabla ya simu kuwa rahisi watu wa Unguja, Pemba na Mombasa waliokuwa na ndugu Muscat na Dubai walikuwa wanarekodi kaseti wanampa msafiri, upande A mama anaongea, upande B watoto wanasalimia wanaimba kasida, kuku wanasikika nyuma, adhana inapita. Kaseti ya namna hiyo ipo moja tu duniani. Wimbo wa bendi maarufu ukiharibika kwako unaweza ukaupata kwa mwingine, lakini bibi yako akimwambia mwanae kule Muscat kwamba mwembe umeanza kuzaa, hiyo hakuna mwenye kopi.

Na hata bendi usidhani ziko salama. Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilichukua jina hilo mwaka 1965, ndiyo ilikuwa studio ya karibu bendi zote, NUTA, Western Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, zote zilipita pale, zikarekodi kwenye rili, zikapigwa hewani. Sahani za santuri zilikuwa zinachapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983, na nyimbo nyingi za miaka ile zikabaki kwenye kanda ya redio peke yake. Ukiangalia tarehe utaona kitu kinachonikosesha usingizi: miaka ambayo nyimbo zetu zilikosa sahani zikategemea kanda peke yake ndiyo miaka ileile viwanda vilikuwa vinatoa kanda zenye gundi mbaya. Haina maana kila rili pale inanata, inategemea chapa na toleo, lakini inamaanisha kila boksi la katikati ya miaka ya 1970 mpaka 1990, liwe la redio, la kanisa, la chuo, la mtu binafsi, lifunguliwe na mtu anayejua anachoangalia kabla halijafika kwenye mashine.

Muda nao sio rafiki. UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti, IASA, walianzisha mradi wa kutoa tahadhari kuhusu kanda mwaka 2019, na mwaka uliokuwa unatajwa kama mwisho wa kuweza kuhamisha kanda kwa urahisi ni 2025. Sababu kubwa ilikuwa mashine. Hazitengenezwi tena kama zamani, hedi zinaisha, mafundi wanastaafu. Hapa kwetu fundi wa rili anayeweza kufungua mashine akairudisha ilivyo ni wa kutafuta kwa tochi, na wengi ni wazee.

Ukishafika kwenye kurekodi, usibane faili. IASA wanashauri sauti ya analogi ihifadhiwe kwa kilohezi 96 na biti 24, kwa uchache kilohezi 48 biti 24, faili la WAV, sio MP3. Usiondoe kelele kwenye faili mama. Zile kelele za nyuma utazisafisha kwenye kopi ya kusikilizia, faili mama libaki na kila kitu kilichokuwa kwenye kanda, hata ule mlio wa kanda yenyewe. Weka sehemu mbili tofauti, sio diski mbili kwenye droo moja. Piga picha boksi, mbele nyuma na ile karatasi ya ndani. Na kanda usiitupe baada ya kuhamisha, ifunge kwenye mfuko na silika jeli, vile vijipakiti vya kunyonya unyevu, isimame wima, isilale.

Kama una rili nyumbani na hujui ni aina gani, nipigie picha boksi na upande wa nyuma wa kanda, nitakwambia kwa picha tu kama inafaa kuguswa au isubiri, sichaji hiyo. Na kama kuna mtu ana mashine ya rili ya Revox A77 au B77 imekaa stoo haifanyi kazi, hata kama mota imeungua, hata kama haina mfuniko, usiiuze kwa wanunua chuma chakavu. Naihitaji kwa spea, hasa roli na hedi, na bei tutaelewana.